Ngoma ya Mmoja na Kilio cha Mwingine

Si siku nyingi zilizopita, mzee mmoja wa Kitandililo alitujia asubuhi na mapema, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya viazi, akiwa na neno zito moyoni. Binti yake alikuwa aolewe Jumamosi ya juma lile. Ng'ombe alikuwa amekwisha kununuliwa. Vyombo vya muziki vilikuwa vimekwisha kukodiwa Makambako, na nusu ya malipo imekwisha kutolewa. Usiku wa kuamkia siku ile, katika nyumba ya tatu kutoka kwake, kijana wa watu alifariki dunia baada ya kuugua muda mfupi, na wafiwa wakaamua maziko yawe Jumamosi hiyo hiyo, saa nane mchana. Mzee alivua kofia yake, akaiweka gotini, akasema, "Baba, nipige muziki, nisipige?"

Yatupasa kukiri mbele ya wasomaji wetu kwamba hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba atupe nafasi mpaka jioni. Si kwamba hatuijui desturi. Desturi kila mtu anaijua. Ila swali lake lilifufua swali jingine lililotupata mbali sana na Kitandililo, katika mji wa Kigali, ambalo tulirudi nalo nyumbani tukaliweka kando, kama mtu awekavyo barua asiyojua namna ya kuijibu.

Hapa kwetu, jirani anapofiwa, redio huzimwa bila mtu kuamriwa. Aliyeshika jembe hulitua. Aliyekwisha kupakia magunia ya kupeleka Makambako huyashusha, au humtuma mtoto wa ndugu yake aende badala yake, naye mwenyewe huenda msibani. Wala hatujapata kusikia mtu akiuliza desturi hiyo yafika wapi, maana mpaka wake wajulikana kwa masikio: hapo kilio kinaposikika ndipo msiba ulipo. Ukiamshwa usiku na sauti za akina mama, huwezi kusema asubuhi kwamba hukupata habari. Kuta zetu ni nyembamba, na upepo wetu usiotulia huchukua sauti ya huyu ukampelekea yule, apende asipende.

Basi, hebu tuwapeleke wasomaji mahali ambapo kuta zimejengwa kwa shabaha iliyo kinyume cha hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2025 tulifuatana na mahujaji waliokuwa wakienda Kibeho, kusini mwa Rwanda. Njia ni ndefu: kutoka Makambako hadi Iringa, kupita bwawa la Mtera hadi Dodoma, kisha Singida, Nzega na Kahama, mpaka Rusumo, ambako mto Kagera hutenganisha nchi mbili na magari huacha upande wa kushoto yakashika wa kulia. Akina mama walicheka sana gari lilipohamia upande usio wake; mmoja alifumba macho, asiyafumbue mpaka alipoambiwa kwamba sasa ni salama. Wengi wao hawakujua, nasi hatukutaka kuwaambia katikati ya kicheko kile, kwamba juu ya mto ule ule, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na kwamba maji yaliyo chini ya daraja yalikuwa yakichukua maiti kuzipeleka Ziwa Viktoria.

Tulipotoka Kibeho tulilala Kigali. Vijana wetu wa kwaya walikuwa wamekwisha kuliona jina la BK Arena katika simu zao tangu zamani, wakatusihi twende nao wakaone kwa macho; nasi, tusijifanye watakatifu kuliko tulivyo, tulikuwa na hamu kama wao. Jengo hilo liko Remera. Lilifunguliwa Agosti 2019 kwa jina la Kigali Arena, na mwaka 2022 likapewa jina la Benki ya Kigali. Lina viti 10,000 chini ya paa moja, na kampuni ya Kituruki ililijenga kwa miezi sita hivi, jambo ambalo yeyote aliyewahi kujenga darasa moja la shule kwa michango ya kijiji atalistaajabia mpaka kufa kwake. Humo ndimo Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika ilimoanzia, Mei 2021. Jirani yake uko Uwanja wa Amahoro, uliopanuliwa na kufunguliwa tena Julai 2024 ukiwa na viti 45,000. Na tangu Julai 2025 ipo pia Zaria Court, yenye hoteli, migahawa na mahali pa michezo, iliyoanzishwa na Masai Ujiri, yule Mnigeria aliyepata sifa katika uongozi wa mpira wa kikapu huko Amerika ya Kaskazini. Mtu aweza kulala, kula, kutazama mchezo na kusikiliza waimbaji bila kutoka katika mtaa huo mmoja.

Jioni ile palikuwa na tamasha. Tulipekuliwa mlangoni kwa adabu, tukapanda ngazi, tukaketi. Taa zilipozimwa na muziki ukaanza, sauti haikuingia masikioni tu. Iliingia kifuani, ikatikisa mbavu. Maelfu ya watu wasiojuana waliimba neno moja kwa pumzi moja. Tumepata kuona sikukuu kubwa, na tumepata kuona viwanja vya mpira vikijaa hata watu wakaketi juu ya kuta, lakini hatujaona wageni wakifanywa kuwa wamoja upesi namna ile. Mzee mmoja katika mahujaji wetu, ambaye tulidhani angesinzia, alisimama akapiga makofi tangu mwanzo hata mwisho. Asidhani msomaji kwamba twaandika haya ili kuilaani furaha ile. Ilikuwa furaha ya kweli, nasi tulikuwamo.

Tulipotoka nje, usiku umekwisha kuwa mkubwa, jambo dogo lilitushtua. Mvua ilikuwa imenyesha, tena si haba. Maji yalikuwa yakitiririka kando ya barabara, miti ikidondosha matone, na vijana wa pikipiki walikuwa wamelowa chepechepe. Mvua yote ile ilipita juu ya vichwa vyetu, maelfu ya watu, wala hakuna aliyeisikia. Ndivyo lilivyo jengo la namna hiyo likijengwa vema.

Asubuhi tuliuzunguka Uwanja wa Amahoro. Neno hilo maana yake ni amani. Mwezi wa Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya uwanja huo chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wakakaa humo majuma mengi kwa njaa na hofu, na baadhi yao wakauawa humo humo kwa makombora. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapo hadi mahali tulipopiga makofi usiku. Je, tulikosa? Wanyarwanda wenyewe wametoa jibu lao, nalo twaliona kuwa jibu la busara. Kila mwaka, kuanzia Aprili 7, kwa muda wa juma zima, muziki wa starehe hunyamaza nchini mwao na matamasha hayafanyiki. Juma likiisha, nyimbo hurudi, ingawa kumbukumbu yaendelea kwa siku 100. Ni ile ile desturi ya Kitandililo, ila imeandikwa na serikali. Na walioipima, wakasema huzuni inyamazishe ngoma mpaka hapa na ngoma irudi kuanzia pale, ni wafiwa wenyewe.

Lakini uko msiba mwingine usiokuwamo katika kalenda hiyo. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji wa Goma, uliopakana kabisa na Rwanda, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba katika Goma miili iliyozikwa baada ya mapigano ilifika 2,000, na mingine ilikuwa ingali vyumba vya maiti. Wataalamu wa Umoja huo wameandika kwamba jeshi la Rwanda liliwasaidia wapiganaji hao. Serikali ya Rwanda imekana. Gazeti hili si mahakama, na mambo hayo tunawaachia wenye kuyachunguza. Twataka tu msomaji aushike umbali. Kutoka Goma hadi Kigali ni karibu sawa na kutoka Makambako hadi Iringa.

Tarehe 21 Februari 2025, vumbi la Bukavu likiwa halijatulia, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, John Legend, aliimba katika ukumbi ule ule. Wengi walimlaumu. Naye alijibu kwamba haoni kuwa ni haki wananchi waadhibiwe kwa sababu mtu hakubaliani na viongozi wao. Kabla yake, Tems, mwimbaji wa Nigeria, aliyekuwa amepanga kuimba Kigali mwezi wa Machi, alifuta tamasha lake. Alieleza kwamba alikuwa amelitangaza bila kutambua vita iliyokuwa ikiendelea, na kwamba hakukusudia kutojali mateso ya watu.

Nani katika hao wawili alifanya vema? Hili ndilo swali tulilorudi nalo.

Tuanze kwa kumtetea yule aliyeimba, maana ni rahisi mno kumshtaki. Dunia haijapata kuwa na usiku mmoja usio na matanga mahali fulani. Kama kila kilio kingefunga kila kinywa, hakuna binti ambaye angeolewa kwa vigelegele tangu siku za Nuhu. Tena msichana auzaye maji ya kunywa mlangoni pa ukumbi hakuteka mji wa mtu. Mafundi wa taa, wafagiaji, vijana wa pikipiki waliolowa usiku ule, wote walikuwa na watoto nyumbani wanaongoja unga. Na jambo moja latuchukiza kidogo katika lawama zile: watu walimtaka mwimbaji anyamaze, lakini ni wachache waliomtaka mfanyabiashara afunge duka lake, au ndege zisitue. Yaani wimbo peke yake ndio udaiwe huzuni, nayo faida ipite bila kuulizwa?

Wala si kweli kwamba wafiwa huchukia nyimbo. Mwezi wa Februari 2014, katika Goma hiyo hiyo, mji uliokwisha kutekwa mara moja mwaka 2012, lilifanyika kwa mara ya kwanza tamasha kubwa la muziki lililoitwa Amani. Watu waliopoteza ndugu zao walikuja, wakaimba, wakacheza. Asiyekaa matangani hajui jinsi watu wanavyocheka matangani. Usiku wa pili, uchovu ukizidi, kila mara hutokea mtu wa kusimulia kisa cha marehemu, na kicheko huvuma hata wapita njia wakashangaa.

Basi kama wimbo wenyewe si kosa, kosa liko wapi? Tumelifikiri hili, na twaona kwamba liko katika jibu la yule mwimbaji, ingawa lina ukweli. Alikuwa akiwajibia wenyeji wa ukumbi. Alisema, kwa nini niwanyime hawa furaha yao? Ni swali jema, lakini halikuwa lake peke yake na wenyeji kulijibu. Ruhusa ya kupiga ngoma karibu na msiba haikai mikononi mwa mwenye ngoma, wala mwa wageni wake waliokwisha kulipa. Hukaa kwa mwenye msiba. Huyo aweza kusema "pigeni", na mara nyingi kuliko tudhanivyo ndivyo asemavyo. Lakini lazima mtu avuke njia, aingie nyumbani mwake, aketi, amsikilize. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi aliwataka wafanye yote mawili, kufurahi na wenye furaha na kulia na wenye kulia, asieleze wafanyeje hao wawili wakiwa jirani. Labda aliona kwamba mambo ya namna hiyo hayawezi kuamuliwa kwa barua.

Hapa msomaji mwenye akili atatukamata, na ana haki. Atasema, ni nani awezaye kwenda Goma kuomba ruhusa? Nyumba ya msiba huko si moja, ni maelfu. Mama mmoja atasema pigeni, wa pili atasema msithubutu, wa tatu hayupo tena wa kuulizwa. Twakiri kwamba hoja yetu inachechemea mahali hapa, nasi hatuna fimbo ya kuitegemeza. Twaweza kusema tu kwamba Tems alitamka neno ambalo wengi hawakulitamka, yaani kwamba habari ya msiba imemfikia. Alipofuta tamasha hakurudisha uhai wa mtu hata mmoja. Hata hivyo, mtu aliye matangani hutambua tofauti baina ya jirani aliyezima redio na jirani aliyesahau kwamba kuna msiba.

Tena udhuru wa kutosikia umekuwa dhaifu sana siku hizi. Zamani kilio kilikoma pale upepo ulipokoma. Leo kijana aliyeshika tiketi yake ndani ya simu ameziona, ndani ya simu hiyo hiyo na labda saa hiyo hiyo, picha za Goma. Kuta za ukumbi zimekuwa nene, lakini mfukoni mwa kila aliyeingia mna dirisha wazi. Na kwetu sisi liko jambo zito zaidi. Watu wa Goma husema Kiswahili. Akina mama waliowatafuta watoto wao katika vyumba vya maiti walilia kwa maneno ambayo sisi hatuhitaji mkalimani kuyaelewa. Mwalimu Nyerere alipofariki dunia, Oktoba 14, 1999, redio zetu zilibadili nyimbo, na hakuna aliyehoji, maana tuliambiwa msiba ni wetu. Ni nani atakayetuambia hivyo habari za Goma? Mpaka wa nchi umejengwa vizuri kama ule ukumbi. Mvua hunyesha upande wa pili na paa halitoi sauti.

Na sisi je, tunaowahukumu waimbaji? Usiku tulipokuwa katika ukumbi ule, Goma ilikuwa ingali mikononi mwa wapiganaji wale. Tulilijua jambo hilo. Tulikuwa tumeliandika sisi wenyewe katika ukurasa huu. Lakini tulipoketi hatukulikumbuka hata kidogo, tukapiga makofi kwa dhamiri iliyotulia kabisa, mpaka tulipotoka nje tukakanyaga maji.

Jioni yule mzee aliporudi hatukumpa jibu. Tulichukua koti letu tukamwambia twende pamoja. Tulikuta wanaume wameketi nje kuzunguka moto, kwa maana baridi ilikuwa kali, nao akina mama wamo ndani juu ya mikeka. Mzee aliinama mlangoni. "Kamwene," alisema. Akaitikiwa. Akaketi chini, akakaa kimya muda mrefu, neno lake likimkwama. Mwishowe ni mama wa marehemu aliyeanza.

"Jirani, nimesikia unaoza."

"Ndiyo, mama. Pole sana, mama. Nimekuja kwa hilo."

"Mwanangu alikuwa abebe viti vyenu. Ulijua?"

Mzee alijibu kwamba alijua. Mama yule akajifunika kanga usoni, akakaa hivyo, na wenzake wakamshika mabega. Alipoifunua alisema kwamba maziko ni saa nane, na kwamba wapewe mpaka saa kumi na moja, watu wawe wamerudi kutoka makaburini na kunawa mikono. Baada ya hapo mzee apige muziki wake, maana binti hana kosa. Ila zile spika azigeuze zielekee upande wa barabara.

Jumamosi ile vijana wa arusi ndio waliobeba jeneza. Saa kumi na moja ilipofika mzee hakuwasha; alingoja mpaka saa kumi na mbili na nusu, giza lilipoanza kuingia, ndipo akawasha, tena kwa sauti ndogo hata mwenye vyombo akanung'unika kwamba watu watasema vyombo vyake ni vibovu. Baadaye kidogo tuliwaona watu wanne au watano wakitoka kwenye moto wa matanga, wakivuka njia kwenda kula pilau, kisha wakarudi walikotoka kulala.